Siku mashine ya mujukuu yangu ilikamata jina mu kichwa yangu

Wakuu wa humu, ninawasalimia bote. Kwetu Bunia tunasema tu "jambo", kisha mutu anauliza habari ya nyumba ya mwenzake kabla ya kusema yake. Basi habari ya kwenu?

Yangu ni hii. Sikuitunga. Mwenye kusema ni chai, ainywe pole pole, iko moto.

Ninaandika miye mwenyewe na kidole moja. Niliacha masomo mu mwaka ya pili ya primaire, shule ya musingi, kwa hiyo makosa ya herufi muniachie.

Ninaitwa Katungu. Mu kartie, mutaa, ya Bigo wananiita Koko Katungu, koko ni bibi ao babu. Wazazi yangu walitoka Butembo na biashara, miye nikakomalia hapa, nikaolewa hapa, nikauzisha samaki hapa mpaka magoti ikakataa.

Samaki yangu ilikuwa inatoka Tchomia, kule ku ziwa. Kwa kuwa sikujua kuandika vizuri, kila kitu niliweka mu kichwa, na zaidi majina. Wavuvi: Ukelo, Jalum, Bura mukubwa na Bura mudogo. Wamama wa kukausha: Dhesi, Lotsove, Mama Neema mwenye jicho moja. Watoto yao, wakwe yao, hata imbwa ya Jalum, iliitwa Ministre. Mutu akiniambia jina mara moja haitoke tena. Watu wa Bigo wanacheka: "Ukipoteza jina yako uende kwa Koko Katungu, alikuwekea."

Wakati wa vita ile kicheko iligeuka ugonjwa. Nitafika pale.

Kwanza niwaambie habari ya mujukuu yangu, Kasoki.

Bwana yangu Kambale alikuwa fundi wa baskeli. Siku moja presha ikamuangusha, kipande moja ya mwili ikakufa na sauti ikaenda. Haikurudi. Alikuwa anasikia yote, anaelewa yote, lakini mudomo ilikuwa sawa mulango imefungwa na ufunguo ikabakia ndani.

Kasoki alikuwa bado mudogo, meno ya mbele haiko. Njo yeye aligundua muchezo, njo ni "ndiye" ao "ndipo" yenu. Anakaa mbele ya koko yake, anataja vitu: "Chai? Maji? Kivuli? Redio?" Akifika ku ile muzee anataka, macho inaruka. Kidogo tu. Siye wakubwa hatukuona. Kasoki aliona.

Kambale alikufa bila kusema neno, lakini alikunywa chai wakati alitaka chai. Ni mutoto wa meno ya kuvunjika alimupa ile.

Wakuu, ile muchezo njo ilikuwa kazi yake mpaka leo.

Alisoma hapa, akaenda université ya Kisangani, kisha Ulaya. Alianza na masomo ya bongo. Akaona bongo inatoa alama nyingi kuliko mutu anaweza kusoma na macho, basi akajifunza kazi ya données, ile nyinyi munaita data. Kisha akaona hata ukisoma alama zote, mugonjwa haelewe mashine na mashine haielewe mugonjwa. Akajifunza kazi ya tatu: vile mutu na mashine wanaweza kusikilizana.

Masomo tatu, mutoto moja. Mama yake, binti yangu Kyakimwa, alikuwa analalamika: "Na utaolewa lini?" Kasoki anajibu: "Mama, siku mashine itajua kusikiliza mutu, nitaolewa nayo. Wanaume wa hapa wameshindwa."

Siku moja nilimuuliza ku telephone, "Lakini kazi yako ni nini kabisa?" Akasema, "Koko, ni macho ya koko Kambale. Hiyo tu."

Sasa alirudi Bunia na sanduku. Ndani iko kofia ya nyuzi, yenye vifungo vidogo vya chuma, na ordinateur, nyinyi munasema kompyuta. Unavaa ile kofia, unasikia maneno mu masikio, na ordinateur inachora mustari. Ukisikia neno ya kukugusa, mustari inaruka. Mugonjwa mwenye hana sauti anaweza kuchagua neno bila kufungua mudomo.

Shida, alisema, mashine ilijifunza ku vichwa vya watu wa Ulaya na maneno yao. Alitaka wazee wa kwetu wenye sauti nzima waivae kwanza, wasikilize majina ya kwetu, ili mashine izoee. Kisha njo tuwaendee wenye sauti imeenda. Alichagua majina juu, ni kusema kwa sababu, bongo inaruka sana ikisikia jina inajua.

Siku ya Mungu pasta Faustin akamupa dakika mbele ya kanisa. Kasoki alisimama na robe, gauni yake nzuri, akatabasamu, akasema:

"Wazazi wangu, tunatafuta wazee. Mashine yangu inakamata majina mu kichwa ya mutu, hata kama mutu ananyamaza."

Wakuu, kanisa ilikufa.

Mulisikia ile maneno? Kasoki anawaza mu Kifaransa. Kule mashine "inakamata" alama sawa vile redio inakamata Kinshasa. Kwake hakukuwa ubaya.

Lakini siye tuliobakia, tunajua nani alikuwa "anatafuta". Tunajua nani alikuwa "anakamata majina". Na tunajua walifanya nini kwa mutu "akinyamaza".

Mama Lotsove, ule wa kukausha samaki, siku hizi iko Bigo pia, alikuwa kando yangu. Alinifinya paja.

"Katungu, huyu mutoto amesema nini?"

"Kifaransa," nikamuambia.

"Ile haikuwa Kifaransa."

Sasa niwaeleze amani yetu, juu mwenye hajaikaa hawezi kuelewa.

Amani ya Bunia ni samaki ya kukausha haraka. Juu imekauka, inangaa, unaweza kuiuzisha. Lakini ndani, karibu na mufupa, bado iko na maji. Haufinye pale. Ukifinya itanuka, na soko yote itakimbia.

Wakati wa vita, Kasoki akiwa bado mu tumbo ya mama yake, vijana wa bunduki walikuja ku mulango yetu. Walisema, "Leta majina ya wenye kujificha hapa." Mudogo yangu Muhindo alitoka ili wasiingie ndani. Miye nilikuwa nyuma ya rido, ni kusema pazia, na Kyakimwa na tumbo yake. Mmoja alishika Muhindo mukono. Mwenzake akamupigia kelele ya kuharakisha, akamuita na jina ya vita, ile waliyopeana kule porini.

Niliona uso. Nilisikia jina.

Muhindo hakurudi.

Miaka ikapita, bunduki ikarudishwa, watu wakarudi. Na ule kijana akarudi, amekuwa mutu mukubwa, na jina ya ubatizo. Akanunua parcelle, kiwanja ya nyumba, mu Bigo, nyumba tatu kutoka kwangu. Akaoa. Akaingia mu kanisa yetu na leo iko anafundisha chorale, kwaya yetu, wanamuita maître, mwalimu. Sauti nzuri sana, siwezi kumukatalia.

Kila asubui ananisalimia, "Jambo, mama." Ninamujibu. Alikuwa hajawahi kujua kama ninajua. Na ile kutokujua kwake njo ilikuwa dari juu ya kichwa yetu. Sikuambia mutu, hata Kambale, hata Kyakimwa mwenye alikuwa nyuma ya rido lakini alifunga macho na masikio. Mu kartie sawa yetu, jina moja ikitoka inavuta ingine, na ya pili inavuta panga.

Humu ndani nitamuita Jirani.

Siku ile ya Kasoki kusimama, Jirani alikuwa mbele ya chorale. Sikumuangalia yeye. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa imeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini.

Kutoka pale, maisha ilibadilika.

Mama Lotsove, rafiki yangu wa kula sahani moja, akaanza kupita ngambo ingine ya barabara. Wenye pikipiki wa ku rond-point, ule muzunguko wa njia, wakakataa kubeba Kasoki. Mmoja, Bahati, mutoto wa Dhesi, alimuambia wazi: "Weye, dada, sikubebe. Utasoma kichwa yangu mu njia na utaambia muke yangu." Walicheka. Kasoki pia alicheka. Miye sikucheka.

Watoto wakamupa jina: Mukamata-majina.

Kisha jiwe ikaanguka ku manjanja, mabati ya juu ya nyumba, muchana kweupe. Kasoki akasema ni watoto na maembe. Nikamuambia, "Hatuna muembe."

Alianza kuhuzunika. Hakuna muzee hata moja alikuja. "Koko, wananiogopa juu nimesoma?" Nikasema ndiyo. Ningemuambia nini? Kumuambia ukweli ni kumupa jina, na kumupa jina ni kumuweka pale Muhindo alikuwa.

Njo Jirani akaja.

Saa sita ya muchana, jua ya kichwa. Nilikuwa ninachagua maharagi. Alitoa kofia, akakaa bila kungoja kiti safi.

"Mama Katungu, jambo."

"Jambo, maître. Watoto ya chorale wako muzima?"

"Wako muzima. Mama, nimekuja juu ya ile mashine." Aligeukia Kasoki, akatabasamu. "Watu wa hapa wanaogopa bure. Miye ningetaka kuona vile inafanya. Nikiona, nitawaeleza."

Wakuu, Kasoki aliruka kwa furaha sawa mutu alipata mvua. "Maître, aksanti! Nani ataivaa, ni weye?"

"Hapana," akasema. "Ivae mama. Si inasemwa anajua majina yote? Miye nitataja majina, mashine ituonyeshe gani anajua na gani hajui."

Aliisema na sauti ya kubembeleza. Lakini macho ilikuwa ile ya ku mulango.

Nilielewa saa ile ile. Alikuwa amebeba ile swali miaka yote, sawa jiwe mu kiatu. Leo mujukuu yangu mwenyewe anamuletea jibu.

Nilitaka kumuambia Kasoki, "Funga sanduku, ukimbie." Kwa Kinande, luga ya kwetu ya nyumbani, ningeweza. Lakini mbele ya mutu sawa ule, kubadilisha luga ni kupiga ngoma kwamba kuko siri. Nikakataa kuvaa? Kukataa ni kujibu.

"Koko, hauogope," Kasoki akasema, "haiumize."

Nilitoa kitambaa ya kichwa. Kwetu mama muzee hafunui kichwa mbele ya mwanaume hivi hivi. Kasoki alifungua misuko yangu polepole, akapakaa ile mafuta ya baridi, akasukuma vile vifungo mpaka ku ngozi. Jirani aliangalia yote. Nilijisikia sawa kuku ya kunyonyolewa.

Kasoki akamuelezea: mutu akisikia jina mara moja, mustari inaweza kuruka juu ya kukohoa, ao nzi. Kwa hiyo mashine inachukua sauti, inachanganya majina, inayarudilia mara mingi, kisha inaangalia gani inaruka kila mara. Basi Jirani akasemea mu ordinateur. Alitaja Faustin. Akataja Lotsove. Akataja majina ya kubuni, hakuna mutu mwenye kuitwa vile.

Kisha, na sauti ile ile, bila kupunguza, bila kuongeza, akataja jina ya vita.

Kasoki hakujua kitu. Kwake ilikuwa neno tu. Akaniweka vile vya masikio, akafinya.

Wakuu, sitasahau. Faustin. Jina ya kubuni. Lotsove. Ile jina. Jina ya kubuni. Ile jina. Faustin. Ile jina. Mu sauti yake mwenyewe, karibu kuliko kitanda, na yeye mwenyewe amekaa mbele yangu na kofia ku magoti.

Nilijaribu kuwaza maharagi. Nilijaribu kuomba. Nilijiambia: kichwa, nyamaza, ulinyamaza miaka yote, nyamaza na leo. Mudomo ninajua kuufunga. Lakini kichwa unaufunga na nini?

Mashine ikasimama. Kasoki akageuza écran, kioo ya ordinateur, mistari ya rangi rangi. Akacheka.

"Ona, maître! Faustin, inaruka. Lotsove, inaruka. Haya ya kubuni, hakuna kitu. Na hii..." Akasogea karibu. "Hii imeruka kupita zote. Koko, hii ni nani?"

Akaitamka. Mujukuu yangu, na mudomo yake, mu nyumba yangu, pale Muhindo alitokea.

Jirani hakutikisika. Mikono tu, ilikuwa imekunja ile kofia mpaka imekuwa kamba.

Nilijua kitu moja tu: nikidanganya kwamba sijui, mashine iko pale inanikatalia. Nikisema ninajua, Kasoki hatatoka Bigo.

Sijui neno ilitoka wapi. Nilimuangalia yeye, si Kasoki, nikasema:

"Ni kijana mumoja wa wakati wa vita. Alikufa."

Kasoki akasema, "Oh, pole, koko. Ulimujua sana?"

"Nilimuona mara moja. Alikuja ku mulango yetu. Kisha akakufa. Watu wengi hawajue, lakini miye ninajua alikufa, na ndani yangu nilimuzika. Kaburi yake sijaonyesha mutu."

Jogoo ya Mama Lotsove ikawika, saa haikuwa yake.

Nikaongeza, "Ninaomba tu asifufuke."

Jasho ilikuwa inamutoka Jirani ku masikio. Kisha akasema, na haikuwa tena ile sauti ya chorale, ilikuwa ya kijana:

"Kweli, mama. Miye pia nilisikia alikufa. Hatafufuka."

Akasimama. Ku mulango aligeuka, nikafikiri, sasa njo mwisho yetu. Aliangalia kichwa yangu, nywele nyeupe mu mafuta, nyuzi zinaning'inia.

"Muvae kitambaa, mama," akasema. "Kuna baridi."

Na jua ilikuwa inachoma.

Alipokwenda, nilitetemeka mpaka vifungo ikapiga kelele. Kasoki akawaza ni ugonjwa. Nikamuambia atoe kofia, afunge mulango, akae chini. Nikamuambia habari ya Muhindo. Nikamuambia habari ya rido. Nikamuambia "kutafuta majina" ni neno gani kwetu. Sikurudilia jina, lakini aliielewa, juu alikuwa ameisoma ku écran.

Alibadilika rangi. "Koko, ni miye nilimusaidia."

"Haukujua."

"Kazi yangu ni kujua!"

Alilia, kisha akafungua ordinateur, akafuta yote: mustari, sauti ya Jirani, zote. Akasema kitu moja nimekibeba mpaka leo: "Mashine inaona maji imetikisika, koko. Haione kama ni samaki ao ni jiwe. Na haiulize kama mwenye maji anataka ionwe."

Kesho yake pasta Faustin mwenyewe alimupeleka ku kiwanja ya ndege mu gari yake. Njia yote nilikuwa nimeshika mukono yake, ninahesabu watu wenye kutuangalia. Nilisimama pale mpaka ndege ikapanda.

Hajarudi Bunia. Njo bei niliolipa.

Lakini kazi hakuiacha. Sasa kule iko, mashine yake imegeuzwa. Mugonjwa akivaa kofia, neno ya kwanza mashine inajifunza si jina, si chai, si maji. Ni "sitaki". Mpaka mashine ijue vile kichwa ya ule mutu inasema "sitaki", haionyeshwe neno ingine. Na mustari inaonekana kwa mugonjwa mwenyewe kwanza, kabla ya munganga, kabla ya familia. Wakubwa wake walimuuliza hii wazo ilitoka kitabu gani. Akajibu, "Mu kichwa ya koko yangu."

Na majirani? Mama Lotsove alirudi kula sahani moja. Jirani aliwaambia chorale kwamba mashine haina ubaya, aliiona na macho. Watu wakamuamini, juu ni mutu wa kuaminika.

Kila asubui anapita. "Jambo, mama." Ninajibu. Tofauti ni moja: zamani yeye njo hakujua. Leo tunajua wote wawili, na kila jioni ninafunga mulango na komeo mbili. Watu wa humu mutasema nimesamehe. Sijui. Niliweka mutu mu kaburi, na ninakaa nyumba tatu kutoka kwa kaburi, ninasikilizia kama udongo unapasuka.

Funzo yangu, wakuu: watoto yenu wakisomea mambo ya bongo na mashine, muwafurahie, ni kazi nzuri, Kambale wangu angeipenda. Lakini kabla mutoto arudi nyumbani na sanduku, mumukalishe, mumuambie maneno gani ya kwenu iko na maji ndani. Shule haitamufundisha. Na kama mwenzangu kuna humu, wa Bunia, wa Bambu, wa popote, mwenye kukaa karibu na mutu sawa Jirani, aandike hapa chini vile anafanya ili alale. Ninauliza kwa kweli. Miye silale vizuri.

Ninajua mumoja atauliza jina. Musijichokeshe, mutaikosa.

Hii telephone, nikiandika herufi mbili, inamalizia jina yenyewe. Ka, inaleta Kasoki. Mu, inaleta Muhindo. Lo, inaleta Lotsove. Hata ile imbwa, Ministre, imejifunza leo.

Ile jina nimejaribu sasa hivi, herufi mbili za kwanza, nione. Ikaleta neno ingine kabisa, neno ya jikoni.

Haiijue. Sijawahi kuiandika. Nimefuta zile mbili.